Miaka Yangu ya Kuwaomba Askari Wapumzike

Nyinyi mliobaki na filimbi, jambo la kwanza ni hili: kumfanya mtu akimbie ni kazi rahisi. Hata mbwa wa jirani anaiweza. Kumfanya mtu huyo asimame, apumue, kisha akimbie tena kwa nguvu ileile, hiyo ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo iliyonizeesha. Nimestaafu juzijuzi, magoti mazima, bega moja bovu, subira imekwisha kabisa. Mkikuta hasira humu ndani msidhani nyote mmenikosea. Baadhi yenu mmenikosea, lakini nitafika huko.

Naitwa Biira, na Mkonzo yeyote akisikia hivyo anajua mimi ni binti wa pili wa mama yangu. Nyumbani kwetu ni juu ya Bulembia, mahali ambapo ukitaka chumvi unashuka, na ukiipata unapanda. Nilipoingia kambini Kasese nilikuwa na miguu ya mlimani na kichwa kisichojua hata kupiga saluti. Waliniona nikipanda mteremko bila kuhema, wakaamua kwamba nitakuwa mwalimu wa mazoezi. Hakuna aliyeniuliza kama nayapenda hayo mazoezi.

Nilikabidhiwa kwa Sajenti Etyang, mtu wa Teso, mfupi, mwenye kipara, na sauti ya kuwakimbiza kuku wa kambi nzima. Asubuhi yangu ya kwanza alinisimamisha pembeni ya uwanja nimtazame anavyofundisha. Akawazungusha askari uwanja mpaka mmoja akatapika karibu na nguzo ya bendera. Nikamwuliza, kwa adabu zote, kwa nini hawapi nafasi ya kupumua.

"Pumzi?" akasema. "Wewe musichana, hapa hapana hospitali. Hapa mtu inakimbia mpaka inachoka. Ikichoka, inakimbia. Pumzi itapumua kwa kaburi."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Kambini mazoezi yalikuwa adhabu. Umechelewa paredi, kimbia. Buti lina vumbi, na Kasese nzima ni vumbi, kimbia. Umemjibu mkubwa vibaya, beba gunia la mchanga halafu kimbia. Kwa hiyo kusimama kulikuwa na maana mbili tu: ama umesamehewa, ama wewe ni mvivu. Hadi leo askari akimwona mwalimu wa mazoezi anakuja upande wake, hujiuliza kwanza amekosa nini. Ugonjwa huo niliurithi pamoja na filimbi.

Lakini simsemi vibaya Etyang, kwa sababu kitu kimoja alichonipa kimenilisha maisha yangu yote ya kazi. Nilikuwa nawatazama watu nyuso ili nijue nani amechoka. Akanicheka. "Uso ni muongo," akasema. "Askari inaweza kucheka na inakufa. Angalia bega. Bega ikianguka, mtu imeisha, hata kama mudomo inasema bado." Nilianza kuangalia mabega siku ileile. Hayajawahi kunidanganya. Watu wamenidanganya sana, mabega hapana.

Miaka ilipita, nikapelekwa kozi. Sitasema wapi, maana chakula chao kilikuwa kibaya na sitaki kuwaaibisha. Huko mwalimu mmoja mwanamke, mkimbiaji wa zamani, alitufundisha kuoanisha vitu viwili ambavyo kambini tulikuwa tunavigombanisha: uzito na mbio kali za muda mfupi. Uzito humpa mtu nguvu ya kuinua. Mbio kali humpa moyo wa kuirudia nguvu hiyo tena na tena. Ukifuata kimoja tu, unapata mtu anayeinua jiwe kisha analala juu yake, au mtu anayekimbia vizuri mpaka siku atakapopewa jiwe. Nyinyi siku hizi mnayaita mazoezi haya kwa zile herufi za Kizungu mnazochapisha kwenye fulana. Sawa. Fulana ni nzuri.

Nilirudi Kasese na kanuni ambazo sijazibadilisha. Uzito kwanza, mtu akiwa bado mbichi. Mbio baadaye, chache, kali, za kupanda, si za kuteremka, kwa kuwa kuteremka kwa kasi kunakula magoti. Usimchuchumaze mtu na vyuma vizito leo halafu kesho ukampandisha kilima mbio. Na kati ya mbio na mbio, tembea mpaka pumzi irudi. Utajuaje kama imerudi? Saa yetu ya kupimia ilikufa kwa mvua, kwa hiyo niliweka kipimo changu: taja kwa sauti jina la mama yako na la kijiji chenu, yote mawili, bila kukatika. Ukiweza, kimbia tena. Usipoweza, endelea kutembea. Kuna askari aliyelalamika kwamba mama yake ana majina marefu, kwa hiyo anaonewa. Nikamwambia basi yeye atapumzika zaidi ya wenzake, ubaya uko wapi? Akanuna wiki nzima. Fikirini. Mtu ananunishwa na mapumziko.

Vifaa vyetu mnavijua kwa sababu baadhi bado mnavikanyaga. Vyuma tulivitengeneza wenyewe: bomba, na kila ncha kopo la rangi lililojazwa saruji. Upande mmoja ulikuwa mzito kuliko mwingine, hakuna aliyewahi kuurekebisha, kwa hiyo tulikuwa tunageuza bomba kila mtu akimaliza zamu yake. Kulikuwa na tairi la lori la kupindua, na magunia ya mchanga ambayo kila msimu wa mvua yaliota majani. Sasa mmeletewa kioo kikubwa ukutani. Nimekitazama kioo hicho kwa muda mrefu na sijaona kikifundisha chochote, isipokuwa namna ya kukunja mkono mbele ya simu.

Nilikuwa nafundisha wiki moja Kasese na wiki nyingine kambi ya Bwera. Kote nilikuta ujinga uleule. Kuna waliovaa makoti ya mvua kwenye jua la Kasese wakimbie ndani yake, eti tumbo litayeyuka. Kuna waliokula bundu, ule ugali mzito wa muhogo, wakashushia maji, kisha wakaja moja kwa moja kwenye mbio, halafu mimi ndiye niliyelaumiwa. Lakini hao wote niliwaweza. Aliyenishinda ni Ocen.

Koplo Ocen alitoka kaskazini, mrefu, mwenye nguvu za ng'ombe wa kulimia na masikio ya ng'ombe huyohuyo. Alikuwa kambi ya Bwera. Kambi zetu zilikuwa na mtihani wa mwili: kupanda mteremko wa kuelekea Bulembia na gunia la mchanga begani, kushuka, kisha kuinua vile vyuma vya saruji, yote kabla mkubwa hajafunga muda. Ocen alikuwa ameshafeli mara mbili. Akifika juu alikuwa amekwisha, na vyuma vilimshinda. Mkubwa alikuwa amemwambia mbele ya watu wote kwamba akifeli tena atahamishiwa Karamoja.

Karamoja si kubaya, wapo askari waliokupenda wakaoa huko. Lakini Karamoja hakuna Ziwa George. Mke wa Ocen, ambaye sote tulimwita Mama Lamwaka, alikuwa akinunua samaki wakavu Kahendero na kuwauza soko la Mpondwe, pale mpakani ambapo watu hupaita boda. Wateja wake wa ng'ambo, wa upande wa Kongo, alikuwa amewajenga mmoja mmoja kwa miaka, kama mtu anavyojenga nyumba ya matofali. Watoto wao walisoma Bwera na walishaanza kugombana kwa Kikonzo. Kuhama kungewavunja. Kwa hiyo Ocen alipokuja kwangu na kusema, "Afande, nisaidie," nilimsaidia kwa moyo wote. Nilimpangia kila kitu. Siku za uzito, siku za mbio, na siku mbili za kukaa kabisa.

Baada ya mwezi alikuwa dhaifu kuliko alivyoanza. Bega lilikuwa limeanguka hata kabla ya kupasha mwili moto. Nikamwuliza kama anaumwa. "Hapana, afande. Mimi iko sawa." Nikamwuliza kama anapumzika. "Sana, afande."

Siku chache baadaye Mama Lamwaka alinifuata uwanjani, kikapu kichwani, uso umekunjwa.

"Afande, nakuja kushitaki bwana yako."

"Wangu au wako?"

"Hapa kambini ni yako. Nyumbani nitamaliza mwenyewe." Akashusha kikapu. "Hiyo mazoezi inamuua. Akitoka kwako hakai. Anakwenda boda kubeba magunia na wapagazi. Siku ya kupumzika, anabeba samaki yangu kutoka barabarani, anakimbia nayo, inavunjika yote! Nani atanunua samaki ya vipande? Na kama mtihani inamushinda, sisi tunakwenda wapi?"

Nilipanda pikipiki mpaka Mpondwe. Kweli, huyo hapo, katikati ya malori, amevaa fulana ya kambi, gunia la maharage mgongoni, anakimbia. Si kutembea, anakimbia, na wapagazi wamesimama pembeni wanamtazama kwa chuki. Mkubwa wao, mzee Mkongomani waliyemwita Papa Kakule, alinijia mbio alipoona sare yangu.

"Mama afande, huyu mutu yenu anatuharibia kazi," akasema. "Anabeba bure! Tunamuuliza, anasema ni sport. Sport gani hii? Bacommerçants, hawa benye mali, banamuita yeye, siye tuko tunakaa. Siye tuko na batoto!"

Nilitaka ardhi inimeze. Askari wangu alikuwa anawanyang'anya watu chakula mdomoni, na mwili wake mwenyewe hakuupa kitu. Nikamwita Ocen. Alilitua gunia, akapiga saluti, jasho linamtiririka mpaka kwenye buti.

"Nani alikuambia ubebe magunia?"

"Hakuna mtu, afande. Wewe ulisema kukimbia kidogo na kubeba kidogo. Nikaona kidogo itanifikisha wapi? Nikaongeza." Akatabasamu. "Hiyo ya kuongeza ni ya moyo tu."

Ya moyo tu! Aliniambia hivyo kana kwamba ameniletea zawadi. Nilimweleza pale pale, malori yakipiga honi, kwamba mwili haujengwi wakati wa kubeba, unajengwa wakati wa kukaa. Kwamba mimi nabomoa kidogo kwa makusudi, na usingizi wake ndio fundi wa kujenga. Na kwamba yeye anamfukuza fundi kila siku kabla hajashika mwiko. Akasikiliza vizuri. Akaitikia ndiyo afande kila mahali panapostahili. Wiki iliyofuata nikasikia yuko kwenye kilima nyuma ya shule, anapanda na kushuka na jerikeni mbili za maji. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nawaambia ukweli, nililia. Si kwa huruma. Ilikuwa hasira tupu. Mtu anataka kitu kwa roho yake yote, na anakiharibu kwa roho hiyohiyo. Na hakuwa peke yake, yeye alizidi tu. Nilimwambia mkubwa wa kambi kwamba askari wetu hawajui kupumzika. Akanitazama kama niliyemwambia samaki hawajui kukauka. "Kupumzika hiyo si kazi, Biira," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Wazo lilinijia nyumbani, nilipokwenda likizo. Huko kwetu juu gari halifiki, mgonjwa anateremshwa kwa machela. Kila kilima kina chama chake cha machela, na kijana hajawa mwanamume mpaka ameingia humo. Siku ile walikuwa wanamshusha mwanamke mjamzito, nami nikatembea nao. Wanne walikuwa wamebeba miti ya machela begani, wengine wakitembea kando mikono mitupu. Wanabeba kwa kasi, kasi ya kweli, halafu mmoja wa kando anaona bega la mwenzake linashuka. Anaingia nyuma yake, anaweka bega chini ya mti, anasema neno moja: "Leta." Aliyekuwa anabeba anatoka. Habishani, haombi kumalizia kona. Machela haisimami. Aliyetoka anatembea, anapumua, anapiga hata soga, na baada ya muda yeye naye anaingia pengine na kusema leta.

Nimeyaona hayo tangu utoto na sikuwahi kuyatazama. Uzito na kasi, kisha mapumziko, kisha uzito na kasi tena. Na jambo lililonishika zaidi ni hili: kwetu, anayejibu "bado" akiambiwa leta, hasifiwi. Wanawake wanaofuata machela watamtukana mpaka siku ya soko, na chama kitamtoza kuku. Maana anayesema bado ndiye anayemwangusha mgonjwa. Pale kambini yeye ndiye tungempa cheo.

Nikarudi Bwera, nikatengeneza machela ya miti na magunia. Nikawakusanya, Ocen akiwa mbele kama kawaida, nikawaeleza desturi. Kisha nikapanda mimi mwenyewe kwenye machela, nikalala chali na filimbi shingoni. Nilijua mchanga wangeubeba hovyo. Nilifikiri wangemhurumia afande wao.

"Mukiona bega imeanguka, sema leta," nikawaambia. "Ukiambiwa leta, toka. Hapana kubisha. Twende!"

Mwanzoni ilikwenda vizuri ajabu. Nilikuwa naliona anga na vichwa vyao, nasikia leta, leta, na vicheko. Tulifika kwenye mpando. Bega la Ocen, lililokuwa upande wa kichwa changu, likaanza kushuka. Nikaliona mimi. Wakaliona wote. Mwenzake akaingia nyuma.

"Leta."

"Bado," akasema Ocen.

"Ocen, leta!"

"Bado! Mimi iko na nguvu!"

Goti lake likakunjika. Nikateleza kichwa mbele, nikaanguka juu ya bega kwenye mawe, na mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ukalia kama kijiti cha kuni. Nimepitia mambo mengi kazini lakini sijawahi kusikia mfupa wangu mwenyewe ukilia. Ocen alikuwa amepiga magoti, mikono kichwani, anasema afande, afande, afande, hana neno lingine.

Kituo cha afya kilikuwa mbali na pikipiki ya kambi ilikuwa imekwenda Kasese. Machela ilikuwa pale. Wakanirudisha juu yake. Sasa nilikuwa mgonjwa wa kweli, kila hatua inanichoma, na nilikuwa na hasira ya kuchoma Bwera nzima. Ocen akawa wa kwanza kuweka bega kwenye mti. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika hapa, wajukuu wangu wanasoma. Tulipofika barabarani bega lake likashuka tena. Yule mwenzake aliyekataliwa akaja nyuma, akasita, sauti imemwisha.

"Leta?"

Ocen akatoka. Hapohapo, bila neno. Akatembea kando ya kichwa changu, anahema, na nikamsikia ananong'ona jina la mama yake na la kijiji chao, linakatika, anarudia, linakatika, anarudia. Lilipotoka zima, akaenda nyuma ya mwingine akasema leta. Hivyo ndivyo walivyonifikisha, bila kunitua hata mara moja. Nililia tena, na safari hii msiniulize kwa nini.

Tangu siku ile Ocen hakugusa gunia la mtu Mpondwe. Papa Kakule alinitumia salamu na ndizi. Siku za kukaa, Mama Lamwaka alimkalisha kando ya meza yake ya samaki awafukuze nzi, na aliniambia hajawahi kuona mwanamume anayeteseka namna ile kwenye kiti. Uzito wake ukapanda. Mbio zake zikawa kali. Nami nilikuwa namfundisha mkono mmoja umefungwa kifuani, jambo ambalo lilimkumbusha somo kila asubuhi kuliko maneno yangu yote.

Siku ya mtihani ilikuwa ya joto, pale Kasese, na familia zilikuja kutazama. Filimbi ikalia. Vijana wakaondoka kama swala na magunia yao, Ocen katikati. Mahali mpando unapoanza kuwa mkali, Ocen akaacha kukimbia. Akatembea. Kwa makusudi, mbele ya kambi nzima, na mtu akampita, na mwingine, na mwingine.

"Wewe!" mkubwa akapiga kelele kutoka chini. "Unatembea? Hii ni harusi? Kimbia!"

Ocen hakugeuka. Alikuwa anataja jina la mama yake kwa sauti, nalo ni jina refu. Mama Lamwaka alikuwa kando yangu, kanga mdomoni. "Afande, wamemupita," akasema. "Wamemupita wote. Uliniambia kupumzika itamusaidia!" Mimi mwenyewe nilikuwa nimeuma filimbi. Nilikuwa nafikiri, kama huyu mtu atafeli leo kwa kunitii, baada ya kufeli kote kule kwa kutonitii, nitaiweka filimbi hii kwenye choo cha kambi.

Halafu akakimbia. Akapanda kipande kikali kwa nguvu, akatembea tena, akataja, akakimbia. Huko juu wale swala walianza kusimama mmoja mmoja, mikono magotini. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hakuwa wa kwanza kushuka, wala wa pili. Lakini alipofika kwenye vyuma bega lake lilikuwa limesimama, na watu wenye kasi kuliko yeye walikuwa wanalitazama bomba kama wanaangalia kaburi. Akageuza ule upande mzito, akavuta pumzi, akainua. Akainua tena mpaka mkubwa akasema inatosha. Mama Lamwaka alipiga kigelegele kilichosikika mpaka stesheni ya zamani, akanikumbatia, na akanikumbatia upande wa mtulinga uliovunjika. Nilimsamehe.

Mnadhani mambo yaliisha vizuri? Kesho yake kambi nzima ilikuwa imeongoka. Nikawakuta askari chini ya kivuli cha gari wamelala, buti zimevuliwa. Nikawauliza wanafanya nini. "Tunataja mama, afande," akasema mmoja wao bila kufungua macho. Watu hawa! Miaka yote nimewasihi wapumzike, sasa inabidi niwaamshe kwa fimbo wakimbie. Ikabidi tuanze upya, na baadhi yenu mnaosoma mlikuwa chini ya gari lile. Ndio nilioahidi kuwafikia.

Zikabaki siku zangu za mwisho. Ocen alikuwa amehamishiwa Kasese, si Karamoja, awe msaidizi wangu, na mkubwa alinikumbusha kwamba muda wangu umefika nimwachie yeye na nyinyi vijana. Nikasema sawa. Asubuhi yake nikaja uwanjani. Nikaja na ya pili. Niliaga kwa chai na mandazi, mkanipa saa ya ukutani, na Jumatatu nikaja tena. Nilikuwa na sababu kila siku. Kamba haijafungwa vizuri. Yule binti mpya anachuchumaa vibaya. Mlikuwa mnanikwepa macho.

Asubuhi ile mlikuwa mnapandisha machela yenye mchanga, maana tangu nianguke tunabeba mchanga. Mtu mmoja alikosekana, nikaweka bega langu zima kwenye mti. Tukapanda. Nilijisikia vizuri, nawaapia. Nilikuwa naongoza mwendo na kupiga filimbi na kuwakemea wote kwa wakati mmoja. Kwenye kona ya juu nikasikia buti nyuma yangu.

"Leta, afande."

Ilikuwa sauti ya Ocen. Nikasema, "Bado."

Machela nzima ikasikia. Hakuna aliyecheka. Mngecheka ningewamudu.

"Afande," akasema Ocen polepole, kwa heshima, "bega yako imeanguka."

Nikageuza macho. Lilikuwa limeanguka kweli, nami sikujua. Nilitaka kumwambia mimi nilikuwa napanda milima na mizigo kabla mama yake hajajua kumfunga nepi. Nilitaka kumtukana kama siku ile ya Bwera. Nilimchukia kwa dakika nzima, yule ng'ombe, kwa sababu katika watu wote niliowafundisha, ni yeye aliyenisikia.

Nikatoka chini ya mti. Bega lake likaingia, na machela haikusimama. Nikavua filimbi nikamvika shingoni akiwa anatembea. Nikabaki kando yenu na mikono mitupu, na nikajaribu kutaja jina la mama yangu na la kijiji chetu. Likakatika. Nikatembea, nikajaribu tena.